Mama Sonara Anajibu: Kidani cha Kito Kilichozungushiwa Vijiwe

Mwezi huu barua zenu karibu zote zinauliza kidani kimoja: kito cha rangi katikati, vijiwe vyeupe vimekizunguka. Madukani wanauita mtindo wa halo. Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Nimepachika vidani vya namna hiyo mezani kwangu hapa Arusha tangu macho hayajadai miwani. Ugomvi wangu ni namna vinavyouzwa. Nimechagua barua chache, na zilizofanana nimezijibu kwa pamoja.

*Shikamoo Mama Sonara. Mke wangu anatimiza miaka arobaini Desemba hii na nataka kumpa kidani cha tanzanite cha mtindo huo. Duka la kwanza wanacho cha silva, la pili cha dhahabu ya karati 14, na bei ya pili ni zaidi ya mara tano ya ile ya kwanza. Kwa macho yangu vito vyote ni bluu, vinafanana kabisa. Tofauti iko wapi? Sitaki kuja kuchekwa na mashemeji. – Baba wa Watatu, Morogoro*

Marahaba, baba. Desemba umeipatia, maana tanzanite iliingizwa kwenye orodha ya vito vya mwezi huo mwaka 2002. Na kito ni cha kwetu: tangu kilipojulikana mwaka 1967, hakuna kwingine duniani kinakochimbwa kibiashara isipokuwa Mererani, wilayani Simanjiro, pale palipozungushiwa ukuta mwaka 2018. Kwa hiyo hata hicho ulichoonyeshwa Morogoro, kama ni tanzanite kweli, kimetoka kwa majirani zangu.

Sasa tofauti. Usianze na rangi, wala bei. Mwombe muuzaji akupe kidani mkononi, kigeuze, utazame mgongo. Mbele kila kidani kinapendeza. Nyuma ndiko fundi anakojulikana. Kito cha katikati kiwe na dirisha, uone kitako chake na mwanga upite. Kila kijiwe cha lile duara linalokizunguka nacho kiwe na tundu lake dogo, lililotobolewa wima na kusafishwa kingo. Ukikuta mgongo ni bati lililozibwa, hasa penye kito cha kati, uliza kinachofichwa. Nimefungua vidani vya namna hiyo nikakuta karatasi ya bluu ya kung'aa imelazwa chini ya kito kisicho na rangi ya kutosha.

Kisha rudi mbele ukiwa na lupu, ile lenzi ndogo ya mara kumi. Duka linalojiheshimu linayo. Ukinyimwa, aga uondoke. Tazama kijiwe kimoja kimoja. Kilichopachikwa kwa haki kina vitone vya chuma vilivyopanda juu ya ukingo wake, vinakibana. Kilichogandishwa kwa gundi hakina kinachokibana: utaona utando wa ukungu pembeni, na vile vitone vimewekwa kwa urembo tu, havigusi jiwe. Gundi hiyo huliwa na jasho na maji ya moto, na kijiwe cha kwanza kikidondoka, vingine havikawii. Halafu pitisha kipande cha pamba usoni mwa kidani. Nyuzi zikinasa, vikucha, yaani vile vidole vya chuma vinavyoshika kito, vimeachwa wima. Vitakwangua vitenge vya mama, na siku moja kikucha kitavutwa na uzi na kuachia kito chake.

Ukisharidhika na ufundi, ndipo uje kwenye kito, na hapa duara linadanganya kidogo. Weupe wa vijiwe hufanya rangi ya katikati ionekane nzito kuliko ilivyo. Chukua karatasi nyeupe, toboa tundu la ukubwa wa kito, iweke juu ya kidani ili vijiwe vifunikwe na kito kibaki peke yake. Kama bado unakipenda, endelea. Wengi wanashangaa hapo. Kito kilichokuwa bluu ya wino kinakuwa zambarau iliyofifia.

Usikitazamie chini ya taa za kabati. Nenda nacho mlangoni, mchana. Tanzanite hubadilika kwa mwanga: kwenye mwanga wa mchana huelekea bluu, chini ya balbu ya manjano ya sebuleni huvuta zambarau. Hiyo si kasoro, ndiyo tabia yake, na wengine tunaipendea hivyo. Ila ujue unanunua rangi zote mbili, na mke wako atakivaa zaidi kwenye sherehe za usiku kuliko mlangoni pa duka. Kizungushe pia taratibu mkononi ukikitazama kwa pande tofauti. Tanzanite ya kweli itakuonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo hakina rangi mbili. Jaribio hilo linamwumbua kioo tu, kwa sababu yapo mawe mengine yanayoigiza vizuri zaidi, na kwa hayo unahitaji mtaalamu wa jemolojia, yaani elimu ya vito, mwenye vifaa. Lakini vioo ndivyo vingi kwenye silva za bei ya chini, kwa hiyo ukishamwondoa yeye umeondoa mengi.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kito cha duara cha milimita 6 kikizungushiwa vijiwe vya milimita 1.3, pamoja na chuma kinachovishika, kidani kinafika karibu milimita 9. Mtu aliyekaa meza ya pili ukumbini anaona kito kikubwa. Faida hiyo ni halali kabisa, na ndiyo sababu mtindo huu unawafaa wenye bajeti ya kawaida. Kinachoniudhi ni lebo inayosema "karati 2 jumla", yaani kito cha kati pamoja na vijiwe vyote vimepimwa kapu moja. Karati hii ni ya uzito wa kito, si ile ya usafi wa dhahabu, na moja ni gramu 0.2. Dai uzito wa kito cha kati peke yake, na uzito wa vijiwe peke yake. Na ujue kwamba tanzanite ndogo, ya chini ya karati moja, mara nyingi huwa hafifu. Bluu ile nzito hupatikana kirahisi zaidi kwenye mawe makubwa. Ukionyeshwa kidogo sana chenye bluu nzito kwa bei ya kutupwa, tazama kwa lupu kwenye kingo za mikato yake. Vipo vilivyopakwa rangi juu, na rangi hiyo huanza kuchubuka hapo.

Ukiambiwa kito kimechomwa, usishtuke. Karibu tanzanite zote hupashwa moto, kiasi cha nyuzijoto 600 za Selsiasi hivi, ili ule ukahawia utoke na bluu ijitokeze. Inakubalika duniani kote na haimpunguzii mtu heshima.

Kwa hiyo mara tano ya bei si lazima iwe wizi. Silva ya 925, yaani sehemu 925 za silva katika 1,000, ni nafuu, na mara nyingi vijiwe vyake ni zirkonia, mawe ya kutengenezwa yanayoiga almasi, vinavyong'aa sana mwaka wa kwanza kisha vinapata mikwaruzo na kupoa. Dhahabu ya karati 14 hupigwa muhuri wa 585, na vijiwe vyake mara nyingi ni almasi, ingawa nalo uliulize, usilikisie. Ushauri wangu, na najua wauzaji wenzangu hawataupenda: kama fedha haitoshi, chukua kito kizuri kwenye silva iliyopachikwa vizuri kuliko kito kilichofifia kwenye dhahabu. Silva unaweza kuibadilisha ukijaliwa, fundi akakihamishia kito kwenye dhahabu. Kito chenyewe hakuna fundi atakayekuongezea rangi.

Kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, muuzaji aandike aina ya chuma na muhuri wake, gramu, uzito wa kito cha kati na jina lake kamili, na vijiwe vya pembeni ni vya nini. "Kidani kimoja cha bluu" si maelezo. Akigoma kuandika neno tanzanite, amekwisha kukujibu.

*Habari Mama Sonara. Mimi ni muuguzi huku Voi. Navaa mkufu kila siku, kazini na nyumbani. Nilikuwa nataka tanzanite lakini wenzangu wanasema nichukue tsavorite, ile ya kijani, ya kwetu. Kipi kitadumu? – Sista wa Wodi, Taita Taveta*

Nzuri, mwanangu. Wenzako wamekushauri vizuri, ingawa kwenye hilo la "ya kwetu" tutagombana kidogo. Mjiolojia Campbell Bridges aliikuta kwanza upande wa Tanzania, Simanjiro, mwaka 1967; huko kwenu Taita aliipata miaka ya mwanzo ya 1970, na jina ikapewa la Tsavo yenu. Tugawane.

Kwa mvaaji wa kila siku mimi napiga kura kwa tsavorite. Ugumu wake ni 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, tanzanite ni 6 hadi 7. Namba hizo zinaonekana karibu, lakini vumbi letu lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, na kila unapokifuta kito kikavu kwa upindo wa sare unalisugua vumbi hilo juu yake. Tena tanzanite ina upande mmoja ambao ikigongwa vibaya hupasuka kama ukuni uliopigwa shoka kufuata nyuzi. Tsavorite haina udhaifu huo. Na kijani chake ni cha kuzaliwa, kwa kawaida haichomwi.

Tsavorite ni ghali kwa karati, na kubwa ni adimu. Za kupita karati mbili hazionekani kila siku. Lakini ndiyo sababu inapendana na mtindo huu: kijani kidogo chenye moto, kimezungushiwa duara, kinajitosheleza. Omba dhahabu ya njano. Kijani kwenye chuma cheupe kinapoa, nionavyo mimi.

Kwa kazi yako kuna jambo jingine. Unainama juu ya wagonjwa, una stethoskopu shingoni, unanawa mara nyingi. Usichukue kidani kilichosimama juu kwa vikucha virefu. Tafuta ambacho kito cha kati kimezungushiwa ukingo mwembamba wa dhahabu badala ya vikucha, na duara limelala sawa na kito, halijainuka. Mkufu uwe mfupi, sentimita 40 hadi 45, ubaki ndani ya kola. Kidani kinachoning'inia wakati unamgeuza mgonjwa kitapigwa na kitanda mchana kutwa.

*Assalamu alaykum Mama Sonara. Mimi ni Mzanzibari, naishi Muscat. Binti yangu anaolewa na anataka kidani cha rubi chenye duara la almasi. Fundi anasema lazima kiwe karati 18. Huku sisi dhahabu ni 21 au 22, mama mkwe atakipima kwa macho tu atuseme. Fundi anatupunja? Na pia tumeonyeshwa rubi kubwa nyekundu sana kwa bei rahisi ajabu. – Mama Bibi Harusi*

Wa alaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa kumfikisha mtoto.

Fundi wako hakupunji. Karati 21 ni sehemu 875 za dhahabu katika 1,000, na 22 ni 916. Ni tamu kwa rangi na kwa thamani, lakini ni laini. Kwa bangili nzito au mkufu wa kusuka hakuna tatizo. Kwa vikucha vyembamba kama unywele vinavyotakiwa kushika almasi za milimita moja, ulaini huo ni balaa: vinajikunja kwa kusuguana na nguo tu. Karati 18, yaani 750, imechanganywa na shaba na silva kiasi cha kukaza. Fanya hivi: kichwa cha kidani, kile chenye kito na duara, kiwe karati 18, mkufu uwe karati 21 kama mlivyozoea. Kila kimoja kipigwe muhuri wake. Mama mkwe akishika mkufu ataukuta muhuri anaoujua, na uzito wa dhahabu mara nyingi uko kwenye mkufu.

Hapo hapo angalia mizani. Huko na Unguja pia tunanunua dhahabu kwa gramu na kuongeza ufundi, na kidani chenye mawe kikipimwa kizima, mawe yanalipiwa bei ya dhahabu na kisha yanalipiwa tena kama mawe. Dai gramu za dhahabu tupu. Na mkija kuuza, Mungu aepushe, sonara atatoa uzito wa mawe na kulipa dhahabu. Kito na ufundi hamtavirudisha vyote. Kidani cha namna hii ni cha kuvaa na kurithisha. Akiba ya nyumba iwe kwenye bangili.

Hiyo rubi kubwa ya bei rahisi iacheni. Zipo nyingi sokoni zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi: jiwe bovu lenye nyufa, kioo kinamiminwa ndani ya nyufa, linatoka jekundu linalong'aa. Ukilizungusha chini ya taa na lupu, ndani ya nyufa utaona mimweko ya bluu na viputo vya hewa. Shida yake inaanza nyumbani. Maji ya ndimu tu yanaweza kula kile kioo, na fundi akija kuunga kidani kwa moto bila kujua, jiwe linaharibika mikononi mwake. Lebo ikisema "rubi" bila neno juu ya kujazwa, uliza, na jibu liandikwe. Rubi iliyochomwa kwa moto peke yake ni jambo la kawaida, hilo lisikutishe.

Kama binti anataka wekundu na si jina, muulize kuhusu spineli, kito kingine cha rangi za jamii hiyo. Za Mahenge, Morogoro, zilizotikisa soko kuanzia 2007, zina waridi inayowaka hata kwenye chumba chenye giza kidogo. Ugumu ni 8, kwa kawaida hazichomwi. Mimi mwenyewe ningevishwa hiyo harusini na nisilalamike.

*Mama Sonara, kidani changu kinageuka. Natoka nyumbani kimetazama mbele, nikifika kazini kimetazama kifua. – Mchoshwa, Dodoma*

Pole. Kosa si lako. Kishikio, yaani ile pete inayopitisha mkufu, kimeunganishwa chini mno au ni kipana mno kwa mkufu wako. Kichwa cha kidani cha duara ni kizito juu kwa sababu ya vijiwe, kwa hiyo kishikio kinatakiwa kiunganishwe nyuma karibu kabisa na ukingo wa juu. Fundi anaweza kukihamisha, ila kama kito ni tanzanite mwambie akitoe kwanza kabla ya kuwasha moto. Au jaribu mkufu mnene kidogo unaojaza kishikio. Ukienda dukani siku nyingine, vaa kidani, tembea hadi mlangoni na urudi, uone kimekaa vipi.

*Mimi navaa hijabu. Kidani chenye mkufu wa kawaida hakionekani kabisa. Urefu gani unafaa? – Tanga*

Sentimita 60 hadi 70, kianguke chini ya mtandio. Kwa urefu huo kidani kidogo kinapotea, chagua cha milimita 12 na kuendelea. Mkufu usiwe ule laini wa nyoka. Ukijikunja mara moja unabaki na kikunjo. Wa kusokotwa kama kamba unavumilia zaidi.

*Mathe, nilinunulia dem wangu kidani Nairobi, wakasema duara ni almasi. Nikaazima kile kikalamu cha kupima almasi, kikalia "bip". Niko sawa, ama? – Kijana wa Umoja*

Karibu, kijana. Kikalamu hicho hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moissanite, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, hupitisha joto karibu sawa nayo. Vingi vya kawaida hulia kwa zote mbili. Vipo vinavyopima na umeme pia, hivyo hutenganisha moissanite nyingi. Almasi iliyooteshwa maabara nayo italia, na hapo kikalamu hakijakosea: ni almasi kweli, tofauti ni ilikozaliwa na bei yake. Kuitambua kunataka mashine ya maabara.

Lakini nikuulize: uliambiwa ni almasi ya kuchimbwa, au uliambiwa "almasi" tu? Na kwenye risiti wameandika nini? Kwa vijiwe vya milimita moja tofauti ya uzuri haionekani. Kama ulilipa bei ya moissanite, mpenzi wako amevaa kitu kigumu na kizuri. Kama ulilipa bei ya almasi, rudi na risiti.

*Mama, kidani changu cha tanzanite kimekuwa na ukungu. Nimeambiwa nisugue na dawa ya meno. Rafiki yangu anasema duka fulani wana mashine ya kutetemesha maji, dakika mbili kinatakata. – Mbeya*

Vyote viwili hapana. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, itakwangua silva na dhahabu, na kwa tanzanite sitaki hata kujaribu. Mashine ya kutetemesha ni nzuri kwa cheni tupu, lakini inaweza kuipasua tanzanite, na mvuke wa moto vilevile. Duka likitaka kukitumbukiza, waambie kwanza ni kito gani.

Ukungu huo karibu hakika ni losheni, mafuta ya nazi na manukato yaliyoganda kwenye yale matundu ya nyuma. Kidani cha duara kina matundu mengi, ndiyo gharama yake. Chukua bakuli, siyo sinki, weka maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Yasiwe ya moto, na usikitoe hapo kukipeleka kwenye maji baridi. Loweka robo saa, kisha mswaki laini wa mtoto, usugulie kutokea nyuma kwenda mbele ili uchafu usukumwe nje. Suuza kwenye maji mengine ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa cha pamba. Kwa matundu sugu chukua kijiti cha meno cha mbao, kamwe si sindano.

Kikishakauka, kishike karibu na sikio ukitikise kwa kidole. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, kuna kijiwe kimelegea. Usikivae tena siku hiyo. Kifunge kwenye leso, fundo liwe gumu, ukipeleke kwa fundi hivyo hivyo kikiwa kimefungwa, ili kijiwe kikitoka njiani kibaki humo humo kwenye leso.